Chaki Haijasema

Picha zangu nimewaonyesha watu wengi, na karibu wote wamesema "nzuri". Mmoja tu aliitazama ngome niliyoichora kwa wiki tatu, ngome yenye minara saba, mizabibu ukutani na ndege wasiohesabika juu ya paa, akasogeza miwani yake, akauliza, "Mlango unafunguka upande gani?"

Sikujua. Mlango nilikuwa nimeuchora, nimeupaka ukang'aa kama umepakwa samli, lakini haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu siku moja atataka kuingia.

"Basi hao ndege wana raha," akasema mzee wa chaki. "Wao wanaingilia juu."

Mtaa mzima wa Makorora unamjua kwa jina hilo, na mimi sitamwongezea jingine. Alikuwa kwenye karakana ya kuchomelea iliyo nyuma ya mashine ya kusaga. Kazi yake ilikuwa moja: kabla geti halijatengenezwa, yeye alilichora. Hakulichora kwenye karatasi. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akalichora kwa chaki, kwa ukubwa wake wote, kisha wachomeleaji wakaja kulaza vyuma juu ya mistari yake, wakakata, wakapinda, wakaunga. Ikifika alasiri mchoro umeliwa na viatu na cheche. Geti limesimama, chaki haipo. Miaka na miaka aliishi kwa kuchora vitu vinavyokanyagwa, na nilifikiri hilo ndilo lililomharibu ulimi.

Mimi nina shahada ya sanaa. Kazi ninayoitaka ni ya kuchora vitu ambavyo bado havipo. Katuni au mchezo wa kompyuta ukihitaji kijiji, jitu au mtumbwi unaoruka, kuna mtu anayevichora kwanza, halafu wengine, pengine wako mji mwingine kabisa, wanavijenga kwenye kompyuta kwa kufuata mchoro wake. Nilijinoa peke yangu chumbani kwetu Mabawa, juu ya tableti, mpaka nikaamini nimeiva. Nikapeleka kazi kwenye studio moja ya katuni Dar es Salaam. Wakajibu kwa upole: una kipaji, ila bado uko ngazi ya kati. Chini yake wakaambatanisha maswali ishirini na matatu kutoka kwa wajenzi wao. Ngazi hizi zinaishia wapi? Nyuma ya mnara kuna nini? Mlinzi anakaa wapi? Wakasema watanipa nafasi nyingine, moja tu, watakapofungua tena mlango wa kupokea kazi.

Ngazi ya kati. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Kati ya ngapi? Ngazi ikiwa na vipago vitatu, cha kati ni cha pili, na hapo mtu anaanza kuliona paa. Ikiwa na vipago arobaini, afadhali ushuke ukatafute kazi benki.

Baba yangu ni Msambaa wa Kilutheri, mtoto wa mkata mkonge, mtu anayeamini kwamba kila tatizo lina ofisi yake. Akaniambia, "Nenda kwa yule mzee wa Makorora. Naye si anachora?" Nililia. Siyo sana. Kisha nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesomea kuchora?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu," nikasema, nikamwonyesha ngome; ndipo akauliza lile swali la mlango.

"Miaka mitatu, na mlango hawakufika." Akawageukia mafundi. "Jamani, huyu Bi Shahada. Msimwage chai mbele yake, atawachora."

Nikabaki pale kujifunza, na tangu siku hiyo nikawa Bi Shahada, hata kwa muuza maandazi.

Sasa na yeye asidhani atapita hivihivi. Mzee huyu aliyehubiri vipimo alivaa saa inayotangulia dakika ishirini, na hakuirekebisha, bali aliwagombeza watu wote kwa kuchelewa. Alisema rangi ni kimbilio la wasiojua kuchora, huku ndevu zake zimekolea hina na kofia yake ni ya kijani yenye nakshi za zambarau. Sijaona mtu mwenye rangi nyingi kama yeye nje ya harusi. Vyeti, alisema, ni karatasi za kufungia karanga. Lakini siku moja alipotoa kitambulisho mfukoni kilidondoka kipande cha karatasi kilichofunikwa nailoni, nikakiokota. Kilikuwa cheti cha mwandiko bora, darasa la nne. Alinipokonya kama nimeshika nguo yake ya ndani.

Na simba hawezi. Hili nalisema kwa sauti, asikie. Kuna nyumba Mabawa ambayo mwenyewe alitaka simba wawili getini, mmoja kila upande. Mzee alichora. Mafundi wakafuata chaki kwa uaminifu, na wakatokea paka wawili wenye sura ya watu walioletewa taarifa ya msiba. Mtaa mzima unapaita "kwa paka", na hata waendesha bodaboda ukiwatajia hivyo hawaulizi zaidi. Nami nikaona hapo ndipo pa kulipiza. Nikamchorea simba nyuma ya mfuko wa saruji, simba mwenye manyoya unayotaka kuyashika, kila sharubu mahali pake. Nikamkabidhi. Aliutazama mchoro muda mrefu, moyo wangu ukapanda.

"Huyu ndiye simba," akasema. "Mhina! Njoo mtengeneze huyu."

Mhina ndiye mchomeleaji mkuu, Mbondei mwenye mikono kama makasia, asiyesema ila kwa lazima. Hutengeneza kilichochorwa, na kisichochorwa hakimhusu. Akaupokea mfuko, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Masharubu nondo ya unene gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mkia huu umeshikwa na nini?"

"Fundi, ni picha tu."

"Chaki haijasema," akasema Mhina, akanirudishia mfuko wangu, akarudi kwenye mashine yake ya kuchomelea.

Chaki haijasema. Huo ndio ukuta ambao kila mchoro ulikutana nao pale, na mzee alijivunia ukuta huo kuliko magoti yake. Alisema Mhina ndiye mwalimu wake, jambo lililonishangaza, kwa kuwa Mhina ni mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano. "Mtu mwerevu atakusitiri," aliniambia. "Ataona umekosea, atarekebisha kimyakimya, na wewe utakufa hujui kitu. Mhina hasitiri mtu."

Paka wale, lazima niseme, wako kwenye geti linalofunguka kwa kidole kimoja mpaka leo. Nimejaribu mwenyewe. Nilikwenda nikitumaini litakwama.

Misemo yake niliiandika yote kwenye daftari, kwa wino wa rangi tatu kulingana na uzito. "Chora kama mtu anayesafiri kesho na simu yake haina chaji." "Mchoro unaotaka mwenyewe asimame pembeni aueleze, huo mgonjwa, na wewe ndiye muuguzi." Na huu, ambao ulinisumbua kuliko yote: "Fundi akikuuliza unene, hujachora. Akikuuliza urefu, hujachora. Akikuuliza rangi, nenda kanywe chai."

Nilikaa wiki nzima na hiyo chai. Ilikuwa fumbo la nini? Subira? Unyenyekevu? Mwishowe nikamwuliza.

"Chai ni chai, Bi Shahada," akasema. "Na maandazi mawili."

Nafika sasa kwenye geti la Bweni, ambalo ningependa kuliruka.

Dada yake mzee alifariki Pangani, mzee akaenda kwenye matanga kwa siku kadhaa. Chaki akaniachia mimi. Hakuniachia kwa heshima. Hakukuwa na mwingine pale aliyejua kushika chaki bila kuivunja. Kazi yenyewe ilikuwa geti la bi mkubwa mmoja wa ukoo wa Kiarabu, mwenye mashamba ya minazi, nyumba yake iko Bweni, ng'ambo ya mto wa Pangani. Alitaka geti la bati zito, lenye maua ya chuma.

Nikampa maua. Nilipiga magoti tangu asubuhi, nikatandaza asumini kutoka pembe mpaka pembe, vikonyo vinapitana, majani yanageuka kama yamepigwa na upepo. Mafundi wakaacha chai yao kuja kutazama. Wakatoa simu wakapiga picha. Hata Mhina alisimama. Nikajiambia, ngazi ya kati, kwaheri.

Mzee alikuwa na mazoea ambayo sikuyajali. Pembeni mwa kila mchoro aliandika neno moja, kwa ule mwandiko wake wa cheti: NJE. Maana yake, upande huu unaouona juu ndio utakaotazama barabara. Kwa hiyo komeo, bawaba na kila kinachofunga kiende upande wa chini. Mimi niliona neno linachafua maua. Mtu mwenye macho, nilifikiri, ataona kwamba maua ni ya kutazamwa na wapita njia.

Mhina ana macho. Ila chaki haikusema. Akachomelea komeo na kisanduku cha kufuli upande ulioko juu, palipo rahisi kufika, katikati ya asumini zangu.

Tulilipeleka kwa gari, tukavuka nalo kwa kivuko, watu wakilishika na kulisifia njia nzima. Mzee alitokea msibani akatukuta Bweni. Geti likapachikwa. Bi mkubwa akaingia ndani ya ua wake, akalifunga, tukamsikia akipapasa.

"Komeo mmeliweka wapi?"

Lilikuwa huku kwetu, barabarani.

"Nawauliza, nifunge na nini?"

Mwendesha bodaboda mmoja aliyesimama kushangaa akasogea, akalisukuma komeo kwa kidole, likaingia vizuri sana. Nilikuwa nimelichorea geti maua mazuri na sasa mpita njia yeyote aliweza kumfungia bi mkubwa nyumbani kwake.

"Nimefungwa!" akapiga kelele kutoka ndani. "Mimi nifungwe kama kuku, kwenye ardhi ya babu yangu!"

Mzee akalifungua komeo, akamwomba radhi kwa maneno marefu yenye Kiarabu kingi kuliko ninavyodhani anakijua. Kuhamisha komeo kungeacha makovu kwenye bati, na bi mkubwa hakutaka geti lenye makovu. Alitaka jipya. Tukalishusha. Tukavuka nalo tena kwa kivuko kilekile, mbele ya watu walewale, na mmoja akauliza kama limeharibika njiani. Mzee hakunisema. Alikaa juu ya ukingo wa gari, akalitazama geti kama anavyotazama kila kitu, na tulipokaribia ukingo wa pili ndipo akaniinamia.

"Mlango unafunguka upande gani?"

Angenizaba kofi ningeshukuru.

La bi mkubwa mzee akalichora upya mwenyewe, bila ua hata moja, na nasikia analipenda. Langu nilidhani litakatwa liwe vyuma chakavu. Siku nne baadaye napita barabara ya kwake Makorora, nalikuta limesimama kwenye ua wake, asumini zimetazama mtaa, komeo nje. Amelipachika vilevile, ameliacha vilevile. Nikaelewa: ameniweka hadharani. Kila anayepita atauliza, na kila atakayeuliza atajibiwa, "Kazi ya Bi Shahada." Watoto wakitoka chuo cha Kurani na juzuu zao kwapani walimfungia mzee kila siku, mtaa ukapata mchezo mpya, nami nikapata njia nyingine ya kwenda sokoni, ndefu kidogo.

Zaidi ya mwaka nilipita njia hiyo ndefu. Nilirudi chumbani. Nilichora ngome ya studio upya, sasa kwa mbele na nyuma, kwa juu, kwa pembeni, na mlango wake peke yake ukiwa umefunguka nusu. Nikaandika kila unene. Studio ikafungua mlango wake, mwisho wa kutuma Ijumaa. Kazi ilikuwa tayari siku tisa kabla, na siku baada ya siku sikuituma. Niliifungua, nikaitazama, nikaifunga. Nilijua namna ninavyojidanganya. Hata geti la Bweni nililiona limekamilika. Nafasi ni moja. Wakinirudishia maswali ishirini na matatu mengine, basi hiyo ndiyo ngazi yangu, nitazeekea juu yake.

Jumatano alasiri miguu ilinipeleka njia fupi. Mzee alikuwa hafiki tena karakanani; magoti yalikuwa yamekataa sakafu. Nilikuta geti lake limefungwa kwa nje. Ndani redio inaongea.

"Hodi!"

"Karibu, kama una mkono."

Nikavuta komeo, nikaingia. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya kijani kichwani, mkongojo mapajani.

"Shikamoo, mzee. Nani kakufungia?"

"Marahaba. Watoto wa chuo. Wana bidii hao. Wangesoma hivyo wangekuwa wamehifadhi msahafu wote."

"Tangu saa ngapi?"

Akatazama saa yake. "Saa nane na dakika ishirini."

Yaani saa nane kamili. "Na ungekaa mpaka lini?"

"Mpaka apite mtu anayejua komeo liko wapi. Umepita."

Nikashindwa kujizuia. "Mzee, Mhina angelihamisha asubuhi moja. Kwa nini umeliacha?"

"Mhina hunijia kila Ijumaa na mashine yake ya kukatia. Namwambia, ngoja mchoro."

"Mchoro wa nani?"

Akanitazama kwa ile sura ya paka wake wa Mabawa. "Mimi ndiye niliyelichora geti hili?"

Mwaka mzima nilikuwa nimejihurumia kwa njia ndefu.

"Umefungiwa kama kuku mwaka mzima," nikasema, "kwa ajili yangu?"

"Usijipe ukubwa. Na uvivu upo." Akanyoosha mkongojo kuelekea bawaba. "Haya. Umekuja kulia au kupima?"

Nikapima. Nilimpimisha na yeye, akilalamika kwamba hajafa: kiwiko chake kinafika wapi akiwa amekaa, mkono wake unafika wapi akiwa amesimama na mkongojo, vidole vinakunjika kiasi gani asubuhi, kwa kuwa aliniambia asubuhi havikunjiki vizuri. Komeo la kawaida lingemtesa. Kwenye ngome sikumwuliza mtu yeyote kama vidole vyake vinauma. Mimi nilikuwa sijawahi kuuliza mkono wa nani utafungua.

Alhamisi asubuhi nilipiga magoti kwenye sakafu ya karakana. Nililichora geti mara mbili, ubavu kwa ubavu, kama linavyoonekana kutoka barabarani na kama linavyoonekana kutoka kwenye kiti cha plastiki. Komeo nikalihamishia ndani, nikalishusha mpaka usawa wa kiwiko, nikalipa mpini mrefu wa kusukumwa kwa kiganja. Pale komeo la zamani litakapong'olewa, pakabaki kovu, nikachora ua moja la asumini la kulifunika, na kikonyo chake kinatoka kwenye kikonyo cha zamani, na unene wake umeandikwa. Kisha, kwa mwandiko usio na cheti, nikaandika upande mmoja NJE na upande mwingine NDANI.

Mhina akaja na chai yake mkononi. Hakupiga picha. Alizunguka mchoro mara mbili bila kuugusa, halafu akaweka kikombe dirishani, akaingia na kiatu chake juu ya ua langu, akachuchumaa. Akapima mpini kwa shubiri. Akatazama bawaba. Alitazama bawaba muda mrefu, nami nikaanza kupanga majibu: unene ni ule, urefu ni ule, na kama nimesahau, nimesahau nini? Bado ningeweza kuita gari nikaenda Lushoto kwa shangazi nikalime karoti.

Akachukua kipande cha chuma, akakilaza juu ya mstari. Kikalala sawasawa. Akavaa miwani myeusi. Akaivua.

"Dada."

"Naam, fundi."

"Rangi gani?"

Nikamwambia kijani, kama kofia ya mwenyewe. Akarudisha miwani usoni, na cheche zikaanza kuula mchoro wangu. Nikatoka mpaka kwa muuza maandazi, nikaagiza mawili, na pale kwenye benchi, kabla chai haijapoa, nikaituma ngome.